Kitambaa cha Ng'ambo

"Kitambaa kilicholala nacho kimesema." Mmeniuliza usemi huu umetoka wapi, wanangu. Siku usemi huo ulipozaliwa nilikuwapo, lakini macho yangu yalikuwa kwa watu. Kitambaa chenyewe sikukitazama.

Asili yake ni hii. Mto wetu wa Luhanga hushuka kwenda baharini, ilhali upepo wa alasiri hupanda kutoka huko huko baharini. Kijana wa ubao wa tanga husimama juu ya ubao wake, akashika tanga, akaushinda mkondo kwa nguvu ya upepo. Lakini aliye ukingo huu hawezi kuujua upepo wa ukingo ule. Ndiyo maana kila kijiji kilitundika kitambaa juu ya mlingoti, ili kisomwe na watu wa upande wa pili.

Mwaka ule watu wa Ng'ambo, kijiji cha ukingo wa pili, walikuwa na kinyongo cha kushindwa nasi katika mashindano ya ubao yaliyotangulia. Siku ya mashindano, kwetu upepo ulivuma hata akina mama wakashikilia kanga zao. Kitambaa cha Ng'ambo kilining'inia tu. Chini ya jabali lao palijibanza mtumbwi, na ndani yake bingwa wao, Mbelwa.

"Wamekitia mawe pindoni," alisema Shangazi Mwantumu. "Wanataka tuogope, tuahirishe."

"Na Mbelwa mtumbwini? Anavua kambare?" mtu akadakia. Watu wakacheka, ila si kwa furaha.

Mpwa wangu Sekibaha, aliyekuwa ashindane, alinigeukia. "Mjomba, wewe umesoma. Niende?"

"Mbelwa simwamini," nilijibu. Wala hakuwa ameniuliza habari za Mbelwa.

Akaenda. Katikati ya mto ubao wake ulikuwa ukiyapiga mawimbi makofi. Alipofika chini ya jabali, tanga likalegea ghafla, naye akaanguka. Upepo ulikuwa umegeuka kidogo siku hiyo, na jabali likaukinga. Pale ulibaki mkondo peke yake, ukimchukua kuelekea kwenye miamba.

"Usiuache ubao!" Mbelwa alipiga kelele. "Ulalie! Usiogelee!"

"Usimsikilize!" tulipaza sauti kwetu. "Ogelea, Sekibaha! Ogelea!"

Niliona kichwa chake kikigeuka huku, kisha kule. Akaukumbatia ubao. Kamba ya Mbelwa ilimfikia miamba ikiwa karibu kabisa.

Tulipovuka tulimkuta Sekibaha ameketi mchangani akitetemeka, na Mbelwa akiosha viganja vilivyochunwa na kamba. Shangazi Mwantumu hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlingoti, akakishusha kitambaa, akalipapasa pindo lote.

"Kikavu," alisema hatimaye. "Hakina kitu."

"Mama," Mbelwa akamjibu kwa upole, "tungetaka kuwadanganya, tungefanya hila kipepee. Kitambaa kilicholala nacho kimesema. Nilijua hamtakisikia, ndiyo maana nikakaa mtumbwini."

Shangazi alikikunja kile kitambaa taratibu, akamfunga nacho kiganja kilichokuwa kikivuja damu.

Basi mkisikia watu wa Luhanga wakisema, "Kitambaa kilicholala nacho kimesema," mjue wanamwonya mtu anayedhani kimya ni hila. Tangu mwaka ule kitambaa cha Ng'ambo hutundikwa na Sekibaha, na chetu hutundikwa na Mbelwa; kimoja kikilala, hakuna ubao unaoshushwa majini.