Kifundo cha Mkono wa Fundi Sikudhani

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana umeme ulikuwa umeshafika Singida na watu wakitazama ndondi kwenye televisheni, aliishi fundi cherehani mmoja jina lake Sikudhani. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu. Kimoja alilala, kingine alishonea, na cha tatu kilikuwa cha binti yake Mwasiti, aliyeolewa Mpanda na kupiga simu sikukuu hadi sikukuu. Mume wa Sikudhani alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Wateja walikuja, wakapimwa, wakaenda zao.

Siku moja zahanati wakampima presha, wakaikuta juu. Daktari akamwambia atoe jasho nusu saa kila siku. Sikudhani aliona haya kukimbia barabarani na miaka yake hamsini na mitatu. Akajaza mchanga kwenye kiroba, akakining'iniza kwenye boriti katika chumba cha Mwasiti, akaanza kukipiga ngumi kama alivyoona kwenye televisheni. Mikono hakuifunga kitu. Hakuna aliyemwelekeza, na yeye hakumuuliza mtu.

Alikipiga wiki mbili. Alikipenda kile kishindo, maana nyumba ilikuwa kimya tangu asubuhi. Kifundo cha mkono wa kulia kilipoanza kuuma, alisema kitazoea. Wiki ya tatu ngumi ikatua upande, mkono ukajikunja, maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko. Alikaa sakafuni akiushika mkono wake, akawaza amwite nani, na jina halikuja.

Zahanati walisema mfupa ni mzima, ila mishipa imevutika. Asishike mkasi mwezi mzima. Wakamfunga bendeji. Akabandika karatasi mlangoni kwamba fundi anaumwa, na karatasi ile ikaleta watu watatu.

Wa kwanza alikuwa Mzee Nkungu, mlinzi wa ghala la alizeti nyuma ya nyumba, aliyecheza ndondi ujanani. Alimwomba amwonyeshe kwa mkono mzima jinsi alivyokuwa akipiga. Alipoona, alitikisa kichwa. Tangu hapo akawa anakuja kila alasiri kabla ya zamu yake, anamfundisha kupiga hewa kwa mkono wa kushoto, polepole. Kwanza zungusha vifundo hadi vipate moto. Kunja ngumi, kidole gumba kikae nje. Mgongo wa kiganja na mkono vinyooke kama rula. Piga kwa vifundo viwili vya mwanzo vya vidole. Ukiona kifundo cha mkono kinapinda, acha. Kisha akamkatia tepe ndefu za pamba, akamfundisha kuzizungusha kuanzia kifundo cha mkono hadi kwenye vifundo vya vidole.

Wa pili alikuwa Athanasi, fundi magodoro wa mtaa wa pili. Alifuata foronya alizoagiza, akakuta hazijashonwa. Akauliza kilichotokea, akapelekwa kwenye kiroba, akakibonyeza. Chini mchanga ulikuwa umeshindiliana, mgumu kama ukuta. Jumapili akarudi, akaumwaga mchanga wote uani, akakijaza vipande vya nguo na sponji. Kila Jumapili akawa anakuja kukichambua upya kisishindiliane, na kazi zake zinamngoja.

Wa tatu alikuwa Zena, muuza maziwa, mjane asiye na mtoto. Alikuja kuacha nusu lita, akamkuta Sikudhani akihangaika kufunga kanga kwa mkono mmoja. Akatua ndoo, akamfunga. Kesho yake akaja mchana, akasonga ugali, akafua, akamsuka nywele. Na kesho yake tena. Hakuwa msemaji. Walikula sahani moja, wakinyamaza pamoja.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja ya mwezi wa tano Sikudhani alinyanyua ndoo ya maji kwa mkono wa kulia, na hakusikia maumivu. Akafungua bendeji, akazungusha kifundo. Kimepona. Akiwa bado anakitazama, akasikia hodi ya Zena.

Akaifunga bendeji haraka.

Msimcheke. Miaka sita mlango ule ulikuwa haubishwi ila kwa ajili ya nguo. Wiki zikapita, na bendeji ikakaa mkononi. Nkungu akaja alasiri, Athanasi akaja Jumapili, Zena akaja mchana. Wakiondoka wote, Sikudhani alijifungia, akazungusha tepe zake kama alivyofundishwa, akapiga kiroba taratibu, kisha akashona kidogo kwa siri.

Mwezi wa saba, siku ya Jumanne, Athanasi alipita bila kutarajiwa, akasikia kishindo. Akachungulia dirishani, akamwona anapiga kwa mikono yote miwili.

"Mama Mwasiti, umepona lini?"

"Tangu mwezi wa tano," akasema Sikudhani. "Niliogopa nikipona hamtakuja."

Athanasi alipanda baiskeli yake akaondoka.

Ijumaa Sikudhani akawaita wote watatu, akawaomba radhi. Kisha akatoa kitambaa kizito cha sufu alichoachiwa na marehemu mumewe. Kilitosha kabuti moja tu. Na upepo wa Singida mwezi huo unakata mifupa: Nkungu analinda nje, Athanasi anasafirisha magodoro kwa baiskeli vijijini, Zena anatembeza maziwa alfajiri. Akasema hilo ndilo vazi la kwanza atakaloshona waziwazi kwa mkono wake uliopona, na angependa avae aliyeuponya. Kila mmoja aseme.

Nkungu akasema, "Mwanangu, kiroba hata kiwe cha pamba tupu, mkono uliopinda utaumia. Mimi niliunyoosha."

Athanasi akasema, "Mkono hata unyooke na kufungwa namna gani, ukigonga ukuta kila siku utaumia. Mimi niliuondoa ukuta. Na nimedanganywa Jumapili nane, kazi zangu zimelala."

Zena aliutazama mkono wa Sikudhani. Kisha akasema, "Dada Siku, mimi nilijua. Wiki ile ile uliyopona niliona kidole chako kimechomwa sindano upya. Nikaendelea kusonga ugali. Kwangu pia hakuna wa kula naye."

Athanasi akamgeukia. "Ulijua, ukatuacha sisi tudanganywe?"

"Ningesema, angefunga mlango," akajibu Zena, akainamisha kichwa.

Nkungu akachukua rungu lake, akaaga kwamba zamu imefika. Athanasi akamfuata. Zena akaosha sahani, naye akaenda. Kesho yake hakuna aliyebisha hodi. Nusu lita ya maziwa ilikuwa imeachwa kizingitini.

Sikudhani akatandaza sufu mezani, akashika chaki. Mabega ya Nkungu ni mapana, mikono ya Athanasi ni mirefu, Zena ni mwembamba kama unyasi. Kitambaa kikishakatwa kwa mmoja, hakitawafaa wengine.

Nanyi mliokaa hapa mkasikiliza, mkasi uko mkononi mwake na nyumba iko kimya. Yupo aliyeunyoosha mkono, yupo aliyelainisha kiroba, na yupo aliyejua mkono umepona akaja vilevile. Je, nani alistahili kabuti lile?