Daktari Mwasiti na Walimu Watatu

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, wakati watu wameshakuwa na simu mifukoni lakini nusu ya barabara ya kwenda jijini bado ni vumbi, palikuwa na daktari kijana aitwaye Mwasiti. Alifanya kazi katika hospitali ya mkoa pale Kilambo, wodi ya watoto. Alikuwa mpole, makini, na watoto waliowalilia wengine kwake walinyamaza. Kama angeachwa alivyo, labda angezeekea wodi ile ile bila kulalamika.

Baba yake, Mzee Maulidi, alikuwa fundi redio katika mji wa jirani. Jumamosi moja asubuhi alikuja kumtembelea, amebeba mfuko wa mihogo aliyoichimba mwenyewe. Mwasiti akashuka kumpokea. Akamkuta amesimama karibu na dirisha la mapokezi, kofia kichwani, anatabasamu. Kabla hajamaliza kumwamkia, mzee akashika kifua, akaanguka chali sakafuni, mihogo ikatawanyika.

Sasa sikilizeni. Mwasiti alikuwa daktari. La kufanya alilijua. Alilisoma, akalifanyia mtihani, akafaulu. Lakini siku ile alisimama. Mikono ilining'inia kama si yake. Muuguzi wa mapokezi alikimbia kuita msaada, watu wakasogea kutazama, na Mwasiti akawa mmoja wa watazamaji, anamwangalia baba yake akibadilika rangi.

Akaja Daktari Lusajo, mkuu wa idara ya dharura pale Kilambo. Alikuwa bado kijana, mrefu, na sauti yake haikupanda hata wakati wa matatizo. Akagusa shingo ya mzee, hakukuta mapigo. Akaanza kukibonyeza kifua, na huku anabonyeza akasema, "Mwasiti, piga magoti hapa."

Akapiga magoti.

"Chukua nafasi yangu."

"Siwezi, Daktari. Ni baba."

"Najua ni baba. Weka mikono hapa. Bonyeza. Hesabu kwa sauti nikusikie."

Akaweka mikono, akabonyeza, akahesabu. Mwanzoni sauti ilikatika, kisha ikanyooka. Lusajo akashika mfuko wa kupumulia, akampa mzee hewa, akaagiza dawa, akamchoma sindano. Mashine ya kushtua moyo pale Kilambo ilikuwa mbovu tangu masika, kwa hiyo palikuwa na mikono tu. Mwasiti alibonyeza mpaka jasho likamdondokea baba yake shingoni. Ndipo Lusajo akasema, "Acha kwanza." Akagusa tena shingo. Moyo ulikuwa unapiga.

Mzee Maulidi akarudi. Bila Lusajo, asingetoka pale sakafuni.

Lakini moyo uliorudi ulikuwa dhaifu. Mshipa wake mmoja ulikuwa umeziba, na wa kuuzibua walikuwa jijini tu, mwendo wa mchana mzima. Lusajo akapiga simu hospitali ya misheni ya Ndolela, iliyokuwa na gari la wagonjwa lenye vifaa kamili. Akapokea Sista Benigna, mtawa na daktari, mkuu wa idara ya dharura ya kule. Angeweza kumtuma msaidizi. Akaja mwenyewe.

Wakapanda: mzee kitandani, Sista pembeni yake, Mwasiti miguuni, dereva mbele. Walipofika kwenye mashamba ya alizeti, pasipo na nyumba wala mtandao wa simu, mzee akazimika tena. Mwasiti akanyoosha mikono, lakini mikono ilikuwa imechoka na machozi yamemjaa machoni. Sista Benigna akagonga kioo, gari likasimama.

"Sista, nibonyeze?"

"Hapana, mwanangu. Umeshafanya yako. Wewe lia, mimi ninaye."

Akambandika mzee vibandiko vya mashine ya kushtua moyo kifuani, akawaambia wasimguse, akaushtua moyo. Haukujibu. Akabonyeza kwa mikono yake minene, akaushtua tena. Ukajibu. Toka pale mpaka jijini hakukaa. Alisimama ameinama, mkono mmoja kwenye mfuko wa kupumulia, mwingine kwenye mapigo, na kila gari lilipoingia shimoni aliugonga mgongo wake ukutani.

Mzee Maulidi akarudi mara ya pili. Bila Sista Benigna, asingetoka kwenye alizeti.

Jijini walipokewa katika hospitali kuu. Madaktari vijana wakasikia habari ya moyo, wakatayarisha dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Mlangoni akatokea Profesa Katabaro, mkuu wa idara ya dharura, mtu mfupi mwenye mvi na viatu visivyotoa sauti. Akamwona Mwasiti amekishika kitanda.

"Nani huyu?"

"Mimi ni daktari, Profesa. Na ni binti yake."

"Hapa wewe ni binti tu. Toka nje."

Mwasiti akatoka. Mlango ukafungwa usoni pake. Alikaa kwenye benchi na Sista Benigna, amekasirika, asijue ndani kunafanyika nini.

Ndani, Profesa hakuanza na moyo. Alianza na mzee mzima, kama ambaye hajaambiwa lolote. Akamvua kofia, akapitisha vidole kichwani. Nyuma ya sikio akakuta uvimbe mkubwa, laini. Mzee alipoanguka Kilambo aligonga kichwa sakafuni, na wote walikuwa wameukazia macho moyo. Dawa ile ingeuzibua mshipa wa moyo, lakini ingeweza kumvujisha damu ndani ya ubongo. Profesa akasema, "Rudisheni hiyo sindano." Akawaita mabingwa wa moyo, wakapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, wakafungua palipoziba bila dawa ile.

Mzee Maulidi akabaki hai. Bila Profesa Katabaro, huenda angefia mikononi mwa waliokuwa wanamwokoa.

Mzee akapona. Akarudi kwenye redio zake, anapanda ngazi polepole, anakula chumvi kidogo na kuilalamikia kila mlo. Aliyekuwa hajapona ni Mwasiti. Alirudi wodini, watoto wakanyamaza kwake kama zamani, lakini akipita mapokezi alipita upande mwingine. Usingizini aliiona mikono yake inaning'inia. Mwishoni akajiambia: nitasomea ubingwa wa tiba ya dharura, mpaka mikono hii isinikimbie tena.

Mafunzo hayo yalitolewa mahali patatu: Kilambo, Ndolela na jijini. Akaomba kote, akidhani atapata mahali pamoja tu. Akakubaliwa kote. Na kila mkuu alitaka kusema naye kabla hajajibu.

Lusajo alimkaribisha chai kwenye kantini ya hospitali.

"Baba yako alirudi chini ya mikono yako," alisema. "Mimi nilikuonyesha pa kuiweka tu. Daktari wa dharura hutengenezwa kwa kufanya. Kwangu utafanya tangu siku ya kwanza."

"Na nikikosea?"

"Utakosea. Nitakuwa karibu." Akakoroga chai muda mrefu. "Nisikudanganye. Kuna siku sitakuwa karibu, maana mabingwa hapa ni mimi na mwenzangu mmoja. Na mafunzo yetu ndiyo kwanza yanaanza. Usipokuja, tutabaki na mwanafunzi mmoja, na sidhani kama wizara itatuacha tuendelee. Watu wa huku wataendelea kuanguka pale mapokezi, Mwasiti."

Sista Benigna alikuja nyumbani kwa mzee kumwona. Akala wali na mchicha, akasifu, akaongezewa. Kisha akatoka na Mwasiti barazani.

"Alirudi Kilambo, ni kweli," alisema. "Lakini aliondoka tena njiani, na pale hapakuwa na mtu ila mimi, dereva, na wewe uliyekuwa unalia. Sikukuonea aibu. Daktari aliyevunjika hawezi kumshika mgonjwa, kwa hiyo mimi kwanza humshika daktari. Kwangu sitakupa mzigo usioweza kuubeba. Utaongezewa kidogo kidogo."

"Wanafunzi wako wanasemaje, Sista?"

Mtawa akacheka kidogo. "Wananipenda. Na wengine wakishaondoka, huchukua muda kuamini mikono yao wenyewe. Bado wananipigia simu. Hilo ni kosa langu, nami silifichi."

Profesa Katabaro alionana naye siku Mwasiti alipompeleka mzee jijini kupimwa. Hakumkaribisha kiti, walizungumza wakitembea ukumbini.

"Nilikutoa nje. Bado una kinyongo?"

"Nilikuwa nacho, Profesa."

"Sawa. Sasa fikiri. Lusajo alikuona wewe. Sista alikuona wewe. Wote walifanya vizuri. Lakini ukimwona binti, humwoni mgonjwa sawasawa. Mimi sikutaka kukuona, ndiyo maana niliona kichwa chake."

Mwasiti akaharakisha hatua asiachwe nyuma.

"Kwangu utaona wagonjwa wengi kuliko utakaowaona kwingine kokote. Utajifunza kuangalia. Sitakushika mkono, na huenda nisilijue jina lako mpaka mwaka wa pili. Wapo wanaoshindwa, wakaenda zao, nami siwafuati. Ukimaliza, utaona wasichokiona wenzako."

Mwasiti akarudi nyumbani. Alikuwa amedhani ataulizwa maswali ya vitanda, mashine, na wanafunzi wangapi hufaulu. Badala yake kila mmoja alikuwa amemwekea mbele siku ile ile moja, na kila mmoja alisema kweli. Akiwaza moyo wa baba sakafuni, alimwona Lusajo. Akiwaza alizeti, alimwona Sista. Akiwaza sindano iliyorudishwa, hata hasira ya mlango ilimtoka.

Akamfuata baba yake kibandani. Mzee alikuwa ameifungua redio, miwani puani, bisibisi mkononi.

"Baba, niende kwa nani?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nilikuwa nimezimia."

"Lakini maisha ni yako. Ungemlipa yupi fadhila?"

Mzee Maulidi akaweka bisibisi chini. "Fadhila zangu nitalipa mwenyewe. Lusajo nimemtengenezea redio. Sista namwombea, ingawa dini zetu mbalimbali. Yule Profesa nilimpelekea mihogo, akaipokea bila kusema asante, na nikafurahi hivyo hivyo. Usinilipie madeni kwa miaka yako."

Mwasiti akavuta kigoda, akakaa.

"Nikuulize na mimi," akasema mzee. "Mama yako ananiambia kila siku kwamba nilianguka. Lakini mimi nikija hospitalini nakutazama unavyopita pale mapokezi. Siku ile tulianguka wawili, mwanangu. Mimi nilirudishwa na wote watatu. Wewe nani atakurudisha?"

Akachukua bisibisi, akaendelea na kazi. Mwasiti alikaa kwenye kigoda mpaka redio ikaanza kukoroma, kisha ikasema.

Siku iliyofuata alituma majibu. Mmoja alimkubalia. Wawili aliwaomba radhi. Lusajo, Sista na Profesa walipokea majibu yao, kila mmoja mahali pake, na hakuna aliyemlaumu mbele za watu.

Alikwenda, akasoma, akatoka bingwa. Hilo nawaambia. Alikwenda kwa nani, hilo siwaambii, kwa sababu hata pale Kilambo wanaolijua hawajaacha kubishana kama alichagua sawasawa. Wauguzi wanasema mwalimu ni yule anayekuwekea mikono kazini hata ukisema huwezi, tena aliyekuwa na haja kubwa zaidi na mwanafunzi. Madereva wa magari ya wagonjwa wanasema mwalimu ni yule anayekubebea mpaka upate nguvu, hata kama utachelewa kusimama peke yako. Madaktari vijana wanasema mwalimu ni yule anayekufunza kuona, hata akikufungia mlango. Na mama yake Mwasiti, ukimuuliza, anasema wote hao hawakumwona mwanawe akiweweseka usingizini.

Basi semeni ninyi mlionisikiliza. Mmoja alimpa mikono yake, mmoja alimpa nafasi ya kulia, mmoja alimwachia baba akiwa hai. Je, nani alistahili kuwa mwalimu wa Mwasiti?