Bendi Iliyokimbiwa na Mwimbaji Wake

Waliosema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi walikuwa wameuona moto kwa karibu. Koleo ndilo mkono wa mhunzi ndani ya tanuri. Likimvunjikia, chuma hupoa juu ya fuawe huku akikitazama, na anayepita njiani hudhani kazi ya siku ile imeharibika. Lakini mhunzi wa kweli hafungi karakana kwa ajili ya koleo. Hutafuta njia nyingine ya kukishika chuma chake, na pengine njia hiyo ya pili humfaa kuliko ya kwanza. Ndivyo ilivyowatokea vijana watatu wa Sheffield, mji wa viwanda vya feleji huko Uingereza, mwaka wa 1963.

Miaka ile gitaa la umeme liliingia mjini kama homa. Kila mtaa ulikuwa na bendi yake, na kila bendi iliamini kuwa London inaisubiri kwa hamu. Mtaani Attercliffe, ambako moshi wa viwanda na mawingu vilikuwa mtu na ndugu yake, bendi iliyotamba iliitwa Fuawe. Mwimbaji wake alikuwa Barry Dungworth, kijana mrefu, nywele zake zikimetameta kwa mafuta, na sauti yake ingeweza kumtoa nyoka pangoni. Aliyepiga gitaa na kutunga nyimbo alikuwa Clifford Staniforth, mkimya kama maji ya mtungini, aliyekuwa akijifunza kufua chuma chini ya baba yake. Gitaa la besi lilikuwa la Neville Hague, mkata nyama buchani, ambaye hakuweza kumaliza sentensi bila mzaha. Ngoma zilipigwa na msichana, Irene Crookes. Mchana Irene aling'arisha visu na vijiko katika karakana ya wanawake, na ngoma zile alizirithi kwa kaka yake aliyekwenda jeshini. Watu waliokuja kumcheka walirudi makwao wakiisifu mikono yake.

Mwaka huo yalitangazwa mashindano ya bendi katika ukumbi wa dansi wa Palmyra, na mtu wa kampuni ya santuri angetoka London kuja kusikiliza. Baba yake Clifford, mzee Wilfred, ambaye kwake gitaa lilikuwa ugonjwa tu wa ujana, alimwita mwanawe mezani.

"Sikiliza, kijana. Mimi nimechoka na hizo kelele zako. Mkishinda, sitasema neno tena. Mkishindwa, hilo gitaa linatoka humu ndani, na unaingia zamu ya usiku pamoja na mimi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba," Clifford alijibu haraka, maana akiwa na Barry aliuona ushindi kama uliokwisha kutiwa mfukoni.

Wiki ile ile ya mashindano, Barry alifika mazoezini amevaa suti mpya ya buluu. Hakuvua koti.

"Jamani, nimepata mtu," alisema. "Meneja, wa London. Anataka niimbe peke yangu. Wapigaji ataniajiria hukohuko. Na jina amenipa jipya, naitwa Lance Fontaine."

"Lance nani?" Neville aliuliza. "Mama yako anajua?"

"Barry, Jumamosi tuna Palmyra," Clifford alisema. "Ngoja basi Jumamosi ipite."

"Treni ni kesho. Msinichukie, kaka. Ukweli ni kwamba watu hawaji kuangalia mkokoteni, wanakuja kumwangalia farasi."

Irene aliweka chini vijiti vyake. "Farasi umejiita mwenyewe. Mimi masikio hayo nikiyatazama, namwona mnyama mwingine kabisa."

Barry aliona haya kidogo, lakini aliondoka. Clifford alilitia gitaa lake katika mkoba na kwenda nyumbani bila kumuaga mtu.

Kesho yake Clifford hakugusa wimbo wala uzi. Alifua chuma kama mtu anayelipiza kisasi, na moyoni alikwisha kuamua kwenda Palmyra kuliondoa jina la bendi katika mashindano. Saa ya chakula king'ora kilipolia, alikuta Irene amesimama langoni mwa kiwanda, aproni yake imejaa vumbi jeusi, na nyuma yake kundi la wanawake wa karakana wakitafuna mkate.

"Wewe Clifford! Umefiwa, au ndio umejifia mwenyewe?"

"Bendi imekwisha, Irene. Nani ataimba?"

"Sisi."

"Sisi tukiimba watu wataita polisi."

"Waache waite. Angalau tutakuwa tumesikika!"

Wanawake walipiga vigelegele na kumwita Clifford bwana harusi, mpaka masikio yake yakawaka. Mmoja alimrushia ganda la mkate. "Nenda ukaimbe, baba, au tukubebe!" Basi jioni ile Clifford akarudi mazoezini, nusu kwa aibu, nusu kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake.

Walifanyia mazoezi katika chumba cha nyuma cha kanisa la Wamethodisti. Walijaribu sauti zao moja moja. Ya Clifford ilikuwa nyembamba kama ya mbu. Ya Neville ilitoka chini kama pipa linaloburutwa. Ya Irene ilikuwa imekwaruzwa na vumbi la karakana, hata mtu angedhani ana mafua ya kudumu. Kila aliyeimba aliwaacha wenzake wakitazama sakafu.

Mara mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mama yake Irene, Bi Edna, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, alisimama pale na taulo begani, mikono inachuruzika maji.

"Nani anamchinja mbuzi kanisani?"

"Mbuzi ni Clifford, Bi Edna," Neville alisema. "Mimi ndiye ng'ombe."

"Nimesikia. Na mmoja mmoja hamfai, nisiwadanganye. Lakini hata mimi peke yangu sifai. Baba yake Irene nikiimba jikoni anatoka nje, hata kama kuna mvua. Unafikiri Jumapili paa hili linatikiswa na nani? Na sisi hawahawa, wenye pumu na meno ya bandia! Haya, simameni karibu. Karibu zaidi, hamtaoana! Clifford, wewe kaa juu. Neville, chini kabisa, kama msingi wa nyumba. Irene, wewe shika wimbo katikati, na usiifiche hiyo mikwaruzo. Imbeni."

Waliimba, na mwanzo walikuwa kama mbwa watatu waliofungwa kamba moja. Bi Edna aliwakatiza, akawarudisha, akamtandika Neville kwa taulo alipoikimbia zamu yake, akawarudisha tena. Kisha, bila hata mmoja wao kujua ni kwa neno gani, sauti tatu zikashikana. Wembamba wa Clifford ukawa makali, uzito wa Neville ukawa mpini, na mikwaruzo ya Irene ikawa ile ladha inayomfanya mtu ageuke njiani kuuliza ni nani anayeimba. Walitazamana.

"Yesu wangu," Neville alinong'ona, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

"Huyo mwache," Bi Edna alisema. "Rudieni."

Wakachagua wimbo wa Clifford ambao Barry alikuwa ameukataa kwa sababu haukuwa na mahali pa yeye kuringia. Ulikuwa wimbo wa watu wanaokwenda kazini alfajiri, mwendo wake mzito na wa haraka kama nyundo za tanurini.

Jumamosi Palmyra ilifurika. Fuawe walipopanda jukwaani wakiwa watatu, mnong'ono ulipita ukumbini, na sauti moja ikapayuka: "Barry yuko wapi?"

Neville aliinama kwenye kipaza sauti. "Amekwenda London kutafuta jina!"

Ukumbi ukacheka, na kabla kicheko hakijaisha Irene akapiga ngoma na wimbo ukaanza. Zile sauti tatu ziliwamwagikia watu kama maji ya baridi. Wasichana waliokuwa wakipakana rangi ya midomo waliacha mikono hewani. Wavulana wa bendi nyingine, waliokuwa wakicheka nyuma ya pazia, walisogea mbele wasikie vizuri.

Walipofika ubeti wa pili, kanyagio la ngoma kubwa lilikatika. Irene alikanyaga hewa. Wimbo ukapoteza moyo wake ghafla, na Clifford akageuka kwa hofu. Irene hakumtazama. Aliendelea kuimba, akasimama, na kwa kisigino cha kiatu chake akapiga mbao za jukwaa palepale ambapo ngoma ingelia. Puu. Puu. Wanawake wa karakana, waliokuwa wamejipanga mbele na nguo zao za sikukuu, waliuelewa mdundo ule kwa miguu kabla ya kuuelewa kwa kichwa. Walianza kupiga visigino pamoja naye. Safu ya pili ikafuata, kisha ya tatu, hata ukumbi mzima ukawa ngoma moja, na vumbi likadondoka kutoka kwenye taa. Wimbo ulipokwisha, watu hawakutaka kuacha kukanyaga.

Hata hivyo waamuzi waliwapa nafasi ya pili. Kombe lilichukuliwa na bendi ya vijana watanashati wenye suti zinazofanana. Ukumbi ulizomea, lakini neno la waamuzi ni neno. Clifford alikuwa anafunga gitaa lake, na ahadi aliyompa baba yake imemkaa kifuani kama jiwe, yule mtu wa kampuni ya santuri, Bwana Pemberton, alipowafuata nyuma ya jukwaa.

"Wale waliochukua kombe wanaimba vizuri," alisema. "London ninao kumi kama wao. Nyinyi sijawahi kuwasikia popote. Mwezi ujao mnaweza kuja?"

"Na huyu mvunja kanyagio aje pia?" Neville aliuliza, na Irene akamkanyaga mguu.

Nyumbani, Clifford aliliweka gitaa juu ya meza, mbele ya baba yake. "Tumekuwa wa pili, baba. Tulielewana."

Mzee Wilfred alilitazama gitaa, akamtazama mwanawe. "Nasikia kuna bwana wa London."

"Anatutaka mwezi ujao. Lakini ahadi ni ahadi."

Mzee alijimiminia chai, akakoroga muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Zamu ya usiku imejaa," alisema hatimaye. "Ondoa hilo gitaa mezani, mama yako analeta chakula."

Santuri yao ilitoka majira ya kuchipua. Ya Barry ilikuwa imetoka kabla, ikauzwa kidogo kisha ikasahaulika, kwa kuwa wapigaji wa kuajiriwa walipiga kwa ajili ya mshahara, na yeye hakuwa na wa kumwambia pale alipokosea. Alirudi Attercliffe na jina lake la zamani. Irene alimnunulia chipsi, akamcheka kidogo, yakaisha.

Siku wimbo wa Fuawe ulipopigwa redioni katika chumba cha chakula cha kiwanda, wafua chuma waliacha vijiko vyao. Mzee Wilfred alijifanya hasikii mpaka sauti tatu ziliposhikana kwenye kiitikio. Hapo alimgusa bega mwenzake, akajikohoza.

"Huyo mwenye sauti nyembamba, huyo wa juu, ni wangu."

Kuanzia hapo Fuawe walipiga miaka mingi, na hakuna aliyeuliza tena mwimbaji wao yuko wapi, maana mwimbaji wao alikuwa wote watatu. Barry alipoondoka, kila mtu aliona bendi imekufa. Kumbe alikuwa amewaondokea tu ili wajisikie wenyewe. Ama kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.