Kituo Kilichoandikiwa Sufuri

Aliyenyamaza hajasema hakuna.

Mmeisikia asubuhi hii mkutanoni, pale bwana wa maji aliposema Kitopeni hakuna shida kwa kuwa Kitopeni haijaleta malalamiko. Mama mmoja akamrushia maneno hayo kutoka nyuma, watu wakaguna, na yule bwana akafunga faili lake kabla ya wakati. Ninyi mkacheka, halafu mkauliza wahenga gani waliisema. Hawakuisema wahenga. Ilitoka ofisini, kwenye kompyuta, na makaburi ya walioilipia mnayapita kila siku mkienda shule. Methali hii ilianza hivi.

Miaka ile ofisi ya bonde la mto Msanze ilikuwa na karani wa takwimu aitwaye Sikudhani. Alilelewa Kitopeni na shangazi yake, Bi Zawena, muuza vitumbua, aliyemsomesha kwa moshi na mafuta ya kukaangia. Kila asubuhi Sikudhani aliketi mbele ya redio kol, akavisikiliza vituo vya mvua vilivyopangana kutoka mlima Ngulwe hadi mjini. Kila kituo kilikuwa na mtu wake. Mtu huyo alikwenda kwenye kipima mvua, akasoma maji yaliyomo, akaita. Sikudhani aliandika.

Watu wa vipimo walikuwa na mwiko mmoja, na mwiko huo muushike, maana hadithi yote imening'inia hapo. Aliyekwenda kwenye kipimo akakikuta kikavu, huandikiwa sufuri. Asiyesikika, kwa ugonjwa, kwa redio mbovu, kwa lolote, huandikiwa kistari. Sufuri ni neno la mtu aliyekwenda akaona. Kistari ni mahali pa mtu ambaye bado hajajibu. Mzee Chigoma wa Ngulwe, aliyekaa na kipimo chake huko juu kabisa mto unapozaliwa, alikuwa akiwaambia vijana redioni, "Ukinipa sufuri na mimi sijasema, umenisingizia."

Kisha wafadhili wakaleta programu ya kuchora ramani. Ukiilisha jedwali, inakutolea bonde zima kwa rangi: buluu palipomwagika, kijani paliponyesha kiasi, njano pakavu. Nzuri mno kutazama. Lakini ilikuwa na tumbo la mtoto mchanga. Kituo kimoja kikianza tarehe kwa mwezi na kingine kwa siku, inatapika. Ukiacha neno milimita nyuma ya namba, inatapika. Jina la kituo likibaki na nafasi ya ziada mwishoni, inakuchorea mlima ambao Mungu hakuuumba. Kazi ya Sikudhani ikawa kulisafisha jedwali: kunyoosha tarehe, kufuta maneno, kupanga safu. Akaimudu, akaipenda. Kitu kimoja tu kilimshinda. Programu ikikuta kistari mahali pa namba, haichori chochote. Siku za kistari basi ramani ilisubiri, naye akaita redioni hadi mwenye kituo ajibu.

Ramani ilibandikwa ubaoni, nje ya ofisi. Watu wa Kitopeni, ambao nyumba zao ziko pale mto unapokunja kona, wakazoea kupita kuitazama. Ngulwe ikiwa buluu, walibeba magodoro, kuku na wagonjwa, wakapanda uwanja wa kanisa, maana maji ya mlimani huwafikia alasiri. Ngulwe ikiwa njano, walianika mpunga.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya wageni. Mkuu wa ofisi, Bwana Fungameza, alikuwa amevaa suti tangu kuche, na ubao ulikuwa umefutwa vumbi. Sikudhani akaviita vituo, vikajibu kimoja kimoja. Akaiita Ngulwe. Redio ikakoroma. Akaita tena, ikakoroma.

"Mkuu, Ngulwe haijibu."

"Ramani iko wapi?"

"Haichori, mkuu. Kuna kistari."

Bwana Fungameza akaja kusimama nyuma ya kiti chake, akinukia sabuni. "Programu haitaki mashimo. Ziba."

"Nizibe na nini?"

"Sufuri. Wewe ni karani au ni mganga? Weka sufuri!"

"Mkuu, Mzee Chigoma hakosi kuita. Hata alipofiwa na mkewe aliita."

"Kwa hiyo amekwambia kuna mvua?"

"Hajaniambia kitu."

"Basi hakuna mvua. Wageni wako getini, binti. Usiniaibishe."

Sikudhani akatazama kile kistari kidogo. Akabonyeza sufuri. Programu haikutapika. Ikachora bonde lote kwa mkupuo mmoja, na juu kabisa, pale Ngulwe, ikapaka njano safi kama kiini cha yai. Bwana Fungameza akapiga makofi.

Sikudhani alikuwa ubaoni akibandika ramani Bi Zawena alipofika na beseni lake la vitumbua, kwa kuwa wageni wangekunywa chai.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu wa kompyuta. Haya, nisomee. Mimi rangi zako zinanichanganya kama khanga za mnadani."

"Ngulwe ni njano, shangazi."

"Njano ndiyo kukavu?"

"Njano ndiyo kukavu."

Bi Zawena akageukia upande wa mto, akavuta pumzi. "Ajabu. Leo alfajiri maji yalikuwa mazito, yananuka udongo mbichi, kama kaburi linalochimbwa. Nikasema tufunge mizigo. Mama Hadija amejifungua juzi, hawezi kukimbizwa." Akamtazama Sikudhani usoni. "Sasa nikawaambie wafunge, au wakae?"

Mlangoni Bwana Fungameza alikuwa akiwaelekeza wageni kwenye ubao, akicheka kicheko cha meno yote. Sikudhani akafungua mdomo. Akamwona mkuu akimwangalia. Akaufunga, akaanza kubonyeza pini ambayo ilikuwa imekwisha kushika.

Bi Zawena akasubiri kidogo, kisha akatabasamu. "Basi. Kungekuwa na neno ungesema. Wewe huwezi kuninyamazia mimi." Akajitwisha beseni. "Nikaanike mpunga, basi."

Akaenda.

Ngulwe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mchana uliotangulia. Mlima ulikuwa umemeguka. Nyumba ya Mzee Chigoma, mlingoti wa redio, kipimo na mzee mwenyewe, vyote vilikuwa vimeteremka na udongo kabla hakujapambazuka. Kunyamaza kwake ndiko kulikuwa taarifa yake ya mwisho. Haikuwahi kutumwa taarifa nzito kuliko ile, na ofisi ikaiandika sufuri.

Maji yalifika Kitopeni alasiri, watoto wakiwa ndiyo kwanza wametoka shule, mpunga ukiwa juani. Sitawapambia. Mama Hadija na kichanga chake walipatikana pamoja. Bi Zawena alipatikana mbali, chini ya daraja, na khanga yake ilikuwa imefungwa kwa mtoto wa jirani.

Ikaja tume. Wakaketi uani kwa ofisi, kwenye viti vya kukodi, na watu wa Kitopeni wakasimama, maana viti havikukodiwa kwa ajili yao. Bwana Fungameza akainua ramani ile ile.

"Waheshimiwa, ofisi ilifanya kazi yake. Kituo cha Ngulwe kilisema hakuna mvua. Tazameni wenyewe."

"Hakikusema," ikatoka sauti. Alikuwa Sikudhani, kichwa kimefungwa kitambaa cha msiba.

"Sufuri hii aliiandika nani?" Bwana Fungameza akafoka. "Si wewe? Si mkono wako?"

"Mkono ni wangu. Mdomo ni wako. Nyote mwaweza kunifunga, sikatai." Akawageukia watu wa Kitopeni, si tume. "Mzee Chigoma alinyamaza kwa sababu alikuwa chini ya mlima. Sisi tukasema amesema hakuna. Shangazi yangu akaniuliza pale ubaoni, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilikuwa chini ya mkate wangu. Naye akaenda nyumbani akijua nimemwambia hakuna. Sikumwambia! Jamani, aliyenyamaza hajasema hakuna."

Mwenyekiti wa tume akasema hayo ni maneno ya majonzi, yasiandikwe. Hayakuandikwa.

Sikudhani alifukuzwa kazi kwa kosa la kuingiza takwimu zisizo sahihi. Bwana Fungameza alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, akaagwa kwa mbuzi. Programu ikachora ramani ya mafuriko yenyewe, buluu tupu, ikatundikwa sebuleni kwa wageni kuisifu. Lakini neno lile ambalo tume haikuliandika, Kitopeni ililibeba. Waliotaka tulisahau wamestaafu, sisi tunalo. Wakija na vitabu vyao wakasema zahanati haina upungufu kwa sababu haikuomba dawa, tunawajibu nalo. Wakisema mjane ameridhika na mpaka uliosogezwa kwa kuwa hakwenda barazani, tunawajibu nalo.

Na Sikudhani mmemwona leo. Ndiye yule mama aliyesimama nyuma mkutanoni. Kila mkutano huja, na hakuna tena anayemtazama usoni naye akaufunga mdomo wake.

Kwa hiyo safari nyingine msicheke. Mkikuta mahali patupu, pa mtu au pa kituo, msipazibe kwa jibu lenu ili picha ipendeze. Nendeni mkamtafute mwenye mahali pale, huenda yuko chini ya udongo. Aliyenyamaza hajasema hakuna.