Kwa Nini Bakuli la Shaba Huimbia Kwenye Kiganja Kilicho Wazi

Enzi hizo, wajukuu zangu, huko Tibeti kwenye milima isiyoishiwa theluji, bakuli la shaba lilikuwa chombo cha uji tu. Ukiligonga lilitoa mlio mfupi, kisha kimya.

Huko aliishi mama mjane aitwaye Dolkar. Theluji iliporomoka mlimani ikamzika mumewe, binti yao Yudon akiona kwa macho yake. Tangu hapo mtoto hakulala. Siku ya tano alikuwa akitetemeka tu, hata maziwa hayapiti kooni.

Asubuhi hiyo akabisha hodi mfua shaba, Rinzin, mtu wa bonde la pili. Alisema amesikia habari za mtoto, naye ametengeneza bakuli linaloimba. Dolkar hakumwamini tangu kizingitini. Nani huvuka theluji yote ile kwa ajili ya mtoto asiye wake? Tena bakuli lenyewe amelibana kwa vidole vyote vitano, kama anayeficha kitu.

Rinzin akazungusha kijiti ukingoni. Bakuli likavuma kidogo, likakatika. Yudon akageuza kichwa. Dolkar akasisimka mwili: sauti isiyo na kinywa ni ya nani kama si ya shetani?

"Lete hapa," akasema. Akalipindua, akalinusa, akalikung'uta. Hamna kitu. Akamrudishia, mgeni akalibana tena kama mwanzo. Shaka yake ikahamia kwenye mkono wa mgeni.

"Umeficha nini humo vidoleni?"

"Sina kitu, mama. Nalishika lisianguke."

"Basi fungua mkono nione. Hufungui, toka kwangu."

Rinzin akasita. Sakafu ilikuwa ya mawe, na bakuli lile lilikuwa kazi ya miaka mitatu. Akamtazama mtoto anavyotetemeka, akanyoosha vidole kimoja kimoja, bakuli likabaki limekaa juu ya kiganja kitupu. Akazungusha tena.

Sauti ikapanda, ikajaa nyumba nzima, wala haikukatika. Kumbe vidole ndivyo vilivyokuwa vikiikaba! Rinzin mwenyewe alitoa macho. Hakuwahi kuisikia hivyo. Alipotaka kusema neno, Dolkar akamnyamazisha, ukuni mkononi tayari kumpiga.

"Usiseme! Nataka nijue inakwenda wapi."

Akaifuata kwa masikio hadi ikafifia, hadi ikaisha kabisa. Hapo ndipo aliposikia kitu kingine: Yudon anakoroma.

Dolkar alisimama palepale, machozi yakimtiririka. Kisha akauweka ule ukuni motoni, akateleka uji, akamwonyesha mgeni pa kukaa. Lakini mkono wake hakuacha kuuangalia.

Na tangu siku hiyo, mwenye kuliimbisha bakuli huliweka juu ya kiganja kilichonyooshwa, na wasikilizaji hawasemi neno mpaka sauti imalizike. Leo muziki huo wa utulivu umefika hata miji ya mbali, na watu huusikiliza wamefumba macho. Lakini mpigaji bado huanza kwa kufungua mkono mbele yao, kama mtu anayepekuliwa mlangoni.