Mkono Uliokataa Kuandika

Wapendwa, asubuhi hii twendeni chuo kikuu, hata sisi ambao hatukusoma sana.

Kulikuwa na dada mmoja aliyefanya kazi katika kituo cha uandishi cha chuo, akiwasaidia wanafunzi walioshindwa kupanga mawazo yao kwenye karatasi. Alikuwa na kipaji. Aya iliyopinda aliinyoosha huku anakuongelesha.

Siku moja akaja mama wa makamo, mwanafunzi aliyerudi shule baada ya kulea watoto. Tasnifu yake ilikuwa imekataliwa mara mbili. Ikikataliwa tena, anarudi nyumbani bila shahada. Akamsukumia dada makaratasi.

"Mwanangu, ninyooshee. Kwako hii ni kazi ndogo."

Dada akasoma. Ilihusu pampu ya maji iliyokufa kijijini kwa mama, lakini ni maneno makubwa makubwa ya kuazima, mama mwenyewe hayumo. Akayaweka kando. "Hebu niambie kwa mdomo tu, mama. Ile pampu ya maji ya kijijini kwenu ilipatwa na nini?"

"Haikuharibika kama wanavyosema. Tuliiacha. Hakuna aliyetuuliza tunataka maji wapi, kwa hiyo hatukuiona ni yetu."

"Basi andika hivyo hivyo."

"Niandike mimi? Nimekuja kwako unisaidie." Machozi yakamlengalenga. "Nilidhani una huruma."

Ndugu zangu, mngefanyaje? Dada alitamani kuichukua kalamu amalize. Akaikunja mikono. Ikawa hivyo wiki hadi wiki: mama anaandika, anafuta, anakasirika, anaondoka, anarudi. Dada anauliza tu, "Hapa ulitaka kusema nini?" Wenzake wakasema ana roho ngumu, na kuna siku naye alijiuliza kama hawakusema kweli.

Siku ya kuitetea tasnifu ikafika. Dada akakaa nyuma ya ukumbi. Mwenyekiti wa jopo akamtazama mama.

"Kazi hii ni nzuri mno. Ya kwanza haikuwa hivi. Nani amekuandikia?"

Kabla mama hajajibu, mwenyekiti akamsukumia karatasi tupu. "Tuandikie hapa hapa tukikuona. Kijiji kipewe nini kabla ya kupewa pampu?"

Mmeona mambo hayo? Dada angemwonea huruma ile siku ya kwanza, hapo ndipo mama angeangamia.

Mama akavuta kiti, akaandika, wala hakuinua kichwa. Mwenyekiti akaanza kusoma kwa sauti, akafika katikati, maneno yakamgusa hata akashindwa kuendelea, akawapa wenzake. Kisha akasimama na kumpa mkono.

"Nisamehe, mama. Nimekushuku bure. Umefaulu, tena vizuri sana."

Mama akapiga kigelegele mbele ya wahadhiri wote, na kutoka nyuma ya ukumbi dada akakipokea.

Sasa tuje kwetu sisi. Mara ngapi tumemlilia Mungu, "Baba, nifanyie," naye akatuuliza swali, tukanung'unika kwamba Yeye hatupendi? Yeye anaiona siku ambayo mimi na wewe tutasimamishwa mbele za watu, na ameanza kutuandaa tungali tunalia. Na wewe mzazi, na mimi mchungaji, tunaomfanyia mtu kila kitu na kuita huo ni upendo: siku yake ya kuulizwa itafika, na hatutakuwa kwenye kiti chake. Basi tumpende leo kwa namna itakayomfanya siku hiyo asimame, ajibu, na ashinde.