Usichukue Ile Nzito

Hapo zamani, na mtu asiniulize zamani gani maana leo nina hasira, palikuwa na nyumba ya kupima mwanga. Mkuu wake alikuwa Daktari Lwiza. Stoo alikaa Matiko, taa alijaza Sikitu, na mpimaji alikuwa Tabu, mwanamke asiyejua kumbembeleza mtu.

Siku hiyo Sikitu alifuata gesi ya haidrojeni ya kujaza taa. Stoo kulikuwa na chupa mbili, moja ya chuma, moja ya kioo, karatasi zake za majina zimebanduka kwa unyevu. Matiko, mdomo umejaa chapati, akasema, "Usichukue ile nzito."

Sikitu akazipima mkononi. Akaiacha ya chuma, akabeba ya kioo. Lahaula! Matiko alikuwa anasema gesi, si chupa. Mle kwenye kioo ndimo ilimokuwa haidrojeni nzito, ile ambayo kiini cha atomi yake kimezidi uzito.

Taa ikawashwa, mwanga ukapasuliwa kuwa mistari ya rangi. Tabu akachungulia.

"Daktari, mstari mwekundu umehama. Umesogea kidogo upande wa buluu."

"Mstari wa haidrojeni hauhami! Umechezea mashine."

"Sijaigusa. Njoo uangalie mwenyewe."

Hakwenda. Alimwita mwongo mbele ya watu, akamfukuza palepale. Hata kuinuka kitini hakuinuka, jamani!

Akaletwa mpimaji mwingine. Naye akaona vilevile. Ndipo walipojaza taa ya pili kwa chupa ya chuma, yenye haidrojeni ya kawaida, wakaziwasha zote. Mistari miwili myekundu, imepishana kidogo tu. Kumbe kiini kikizidi uzito, mstari husogea. Tabu alisema kweli tupu.

Baraza la nyumba likakata shauri: Tabu arudi, na mmoja kati ya waliomponza atoke. Mmoja tu.

Matiko akaruka. "Mimi nilimkataza! Nzito ni jina la gesi. Nimfundishe na kazi yake?"

"Kazi gani?" Sikitu akafoka. "Chupa nzito, gesi nzito, ningejuaje? Ungemeza kwanza chapati yako, useme 'gesi'! Mimi nilitii. Nilidhani unauonea huruma mgongo wangu."

Daktari akapiga meza. "Mnanijazia taa gesi nisiyoiagiza, halafu mnanitazama mimi? Miaka yote mstari ule umekaa palepale. Nani angemwamini?"

Tabu, amesimama mlangoni, akasema, "Sikukuomba uniamini. Nilikuomba uangalie."

Haya, mnanong'ona nini? Wote watatu wana watoto wa kulisha, wote watatu wanaapa. Na asitokee mtu wa kuniambia wagawane kosa! Tabu alipotolewa nje kama mwizi, aligawana na nani? Mmoja lazima atoke, naye Tabu haingii mpaka huyo atoke. Je, ni nani?